Kuhami Joto au Kuhami Chumba?

Wafasiri hukutana na maelezo ya kugeuza sehemu ya banda la gari kuwa chumba cha mapumziko kisichoingiza joto. Neno "gereji" halifai hapo; kwetu hufahamika zaidi kuwa mahali pa kutengenezea magari. Lakini taabu kubwa imo katika "kuhami joto". Aliyehami nchi ameilinda nchi. Kwa sarufi hiyo hiyo, aliyehami joto amelilinda joto lisitoke. Huko Ulaya, wakati wa baridi, maana hiyo haina kasoro. Mkwaja, wilayani Pangani, ambako jua huchoma bati la banda mchana kutwa, fundi hutakiwa kulizuia joto nje, nayo istilahi yamwamuru kinyume! "Kukinga" nako kuna mtego: twakinga mvua kwa mwavuli, tena twaikinga kwa pipa. Twaona afadhali yambwa iwe chumba chenyewe: "kuhami chumba na joto". "Kihami" kibaki kuwa jina la kitu kinachowekwa chini ya bati, kiwe sufi au usumba wa nazi. "Chumba cha uraibu" nacho tungekiepuka. Wazee wa pwani watauliza tambuu iko wapi.