Dalili Isiyo na Mwenyewe: Uhakiki wa Matini za Majaribio ya Dawa za Homiopathi kwa Kuzingatia Lugha ya Maradhi ya Malolo, Kilosa

Matini zinazohakikiwa katika sehemu hii ni za aina ambayo wahakiki wa Kiswahili hawana mazoea ya kuigusa. Ni kumbukumbu za dalili zilizoandikwa na watu wenye siha njema, waliomeza dawa ya homiopathi kwa makusudi ili waone itawafanya nini mwilini na akilini. Mwasisi wa utaratibu huo ni daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha William Cullen wa Scotland, alikunywa unga wa gome la mti wa kwinini akiwa hana homa, kisha akaandika yaliyompata: miguu na ncha za vidole kupoa, usingizi, moyo kwenda mbio, wasiwasi, kutetemeka, kiu. Alihitimisha kwamba gome hilo hutibu homa ya vipindi kwa sababu lenyewe huzusha hali inayofanana na homa hiyo. Kitabu chake Organon, kilichotoka mwaka 1810, kiliufanya mwonjo huo kuwa kanuni, na majuzuu sita ya Reine Arzneimittellehre, yaliyochapishwa kati ya 1811 na 1821, yakakusanya maelfu ya dalili za namna hiyo. (Mti huohuo baadaye ulipandwa na Wajerumani Amani, Usambara Mashariki; historia ya homa katika nchi yetu haiko mbali na meza ya Hahnemann kama inavyodhaniwa.)

Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Wajerumani huliita tendo hili Prüfung, yaani mtihani. Waingereza wamelipa jina ambalo kwa msomaji wa leo linanukia uthibitisho, na watafsiri wengi wamelifuata. Tasnifu hii inatumia “jaribio la wazima”, kwa kuwa kuliita uthibitisho ni kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Matini hizi hazitokei ughaibuni tu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliitambua tiba mbadala nchini na kuiundia Baraza la kuisimamia. Tangu mwaka 2008, Jeremy Sherr na mkewe Camilla wamekuwa wakiendesha tiba ya homiopathi mkoani Kilimanjaro, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Sherr huyo ndiye mwandishi wa mojawapo ya vitabu vinavyotegemewa zaidi juu ya namna ya kuendesha jaribio la wazima, kilichotoka mwaka 1994, na ndiye aliyeongoza majaribio yanayotajwa mara kwa mara, yakiwamo ya haidrojeni na ya chokoleti. Kwa hiyo mtu anayeweka kanuni za kuandika dalili, na mgonjwa Mtanzania anayezitaja dalili zake kwa Kiswahili, wamekutana chumba kimoja. Jambo hili halijahakikiwa kama suala la lugha, na ndiyo maana linaingizwa katika tasnifu inayohusu usemi wa maradhi katika kata ya Malolo, bonde la vitunguu katika Wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, ambako Kiswahili hukaa pamoja na Kividunda na Kisagara.

Tuanze na umbo. Jaribio la wazima huanza kama shajara. Kila mshiriki huandika kwa siku na kwa saa kile anachokihisi; kwa utaratibu wa Sherr, huwa na msimamizi anayezungumza naye na kumdadisi. Hadi hapo matini ina msimulizi, ina wakati, ina nyumba na kazi na ndoto za usiku. Kisha hufuata hatua ambayo kwa maoni ya mhakiki huyu ndiyo kiini cha utanzu: uchopoaji. Kila sentensi hukatwa kutoka katika shajara, hupewa namba, hupangwa chini ya kiungo kinachohusika kuanzia kichwani hadi miguuni. Maumivu ya goti ya mshiriki mmoja hukaa jirani na maumivu ya goti ya mwingine ambaye hawajawahi kuonana. Mwishoni huzaliwa mhusika asiyekuwapo, mwenye maumivu ya watu wote na maisha ya mtu yeyote. Mhusika huyo ndiye “dawa”. Wanahomiopathi humzungumzia kama mtu: ana hofu zake, anapenda baridi, hulia peke yake. Katika fasihi tungemwita mhusika bapa aliyeshonwa kwa viraka.

Nafasi ya dalili za akili katika orodha hii imebadilika, na badiliko hilo linasema mengi. Katika Reine Arzneimittellehre dalili za nafsi huja mwisho, baada ya viungo vyote na homa. Katika faharasa kuu ya dalili ya Mmarekani James Tyler Kent, iliyoanza kutoka mwaka 1897, sura ya kwanza kabisa ni ya akili. Katika majaribio ya siku hizi ndoto na hisia hujaza kurasa nyingi. Sababu inayotolewa ni ya kitiba: kwamba nafsi ndiyo inayomtambulisha mgonjwa. Sababu nyingine, isiyotolewa, ni ya kimatini. Dalili za mwili zina ukomo, kwa kuwa kichwa huuma kwa namna zinazohesabika. Dalili za akili hazina ukomo, kwa sababu ni masimulizi. Mwanahomiopathi H. A. Roberts alitoa mwaka 1937 kitabu kizima cha hisia zinazoanza na “kana kwamba” tu. Hapo ndipo orodha inapoazima mali ya fasihi, yaani tashbihi, na kuisajili kama tukio la kitabibu.

Kiswahili kinaifanya kazi hiyo ya usajili kuwa ngumu, na ugumu huo una faida kwa mhakiki. Mkulima wa Malolo, kama Mswahili mwingine yeyote, hasemi kwamba ana maumivu ya kichwa ya aina fulani. Husema “kichwa kinanigonga”. Kichwa ndicho kiima, na mwenyewe ni yambwa, mtendwa wa kiungo chake. Orodha ya homiopathi humwondoa mtendwa huyo kwa kunominisha kitenzi: “kugongwa kwa kichwa, upande wa kulia, asubuhi”. Kiambishi -ni- kikidondoka, mgonjwa naye amedondoka.

La pili ni mpaka kati ya mwili na akili. “Moyo umenichafuka” husemwa na mtu anayetaka kutapika. “Moyo mzito” ni huzuni. “Moyo unanienda mbio” unaweza kuwa wa mwenye homa, wa mwenye deni, au wa aliyepanda mlima wa Vidunda na gunia begani. Mchopoaji atauweka wapi? Akiuweka kifuani, amefuta hofu. Akiuweka kwenye akili, amefuta ugonjwa. Tena kitenzi “kusikia” hubeba sauti, baridi, njaa, kizunguzungu na uchungu kwa pamoja. Haifai kutoa hapa hitimisho la haraka kwamba Waswahili hawatenganishi mwili na akili. Lugha hii ina “ugonjwa wa akili” na “wazimu”, na watu wa Malolo wanajua tofauti. Dai la uhakiki huu ni dogo zaidi: utengano hufanywa na muktadha wa usemi, na muktadha ndio unaotupwa na uchopoaji.

Lazima hata hivyo tumtendee haki Hahnemann. Katika kifungu cha 84 cha Organon anamwagiza daktari anyamaze, amwache mgonjwa aseme hadi amalize, na aandike maneno yaleyale aliyoyatumia. Katika kifungu cha 126 anataka mshiriki wa jaribio awe mtu mwaminifu anayeweza kueleza hisia zake kwa maneno sahihi. Madai haya ni mazito kuliko yale ya zahanati zetu nyingi, ambako mgonjwa husema kwa Kiswahili na kadi huandikwa kwa Kiingereza, “mwili wote umekufa” ukawa neno moja la mkato. Mtafiti yeyote wa lugha ya maradhi ana sababu ya kuwaonea wivu wanahomiopathi kwa subira yao ya kusikiliza.

Subira hiyo lakini huvunjwa na kifungu cha 138. Hapo inaamriwa kwamba kila badiliko litakalompata mshiriki muda dawa ikiwa inafanya kazi lihesabiwe kuwa limetokana na dawa hiyo peke yake, hata kama mtu huyo aliwahi kupatwa na jambo hilohilo zamani. Kwa lugha ya masimulizi, kifungu hiki kinageuza “baada ya” kuwa “kwa sababu ya”. Mshiriki akigombana na mkewe, akikosa usingizi, akaota mafuriko, yote matatu yana chanzo kimoja, nacho ni punje aliyomeza Jumatatu.

Tofauti na riwaya ni kubwa hapa. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), Kazimoto anaandamwa na mawazo, mahusiano yake yanavunjika, mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa, na hatimaye anajiua. Dalili zake za akili na za mwili zimejaa kitabu kizima, na wahakiki wamebishana juu ya chanzo chake: elimu ya kigeni, udhanaishi, ugonjwa, dhambi. Ubishi huo unawezekana kwa sababu riwaya imeziacha dalili mikononi mwa mwenyewe, pamoja na kijiji chake, baba yake na historia yake. Kifungu cha 138 hakiruhusu ubishi. Kinajua chanzo kabla ya usomaji kuanza.

Na chanzo hicho kilipowekwa kwenye mizani, mizani haikukiunga mkono. Mwaka 1835 katika mji wa Nuremberg ziligawiwa chupa ambazo nusu zilikuwa na chumvi iliyozimuliwa kwa kipimo cha homiopathi na nusu zilikuwa na maji ya theluji tu, bila mnywaji wala mgawaji kujua ipi ni ipi. Kati ya watu 50 walioleta taarifa, 42 hawakuhisi lolote. Kati ya wanane waliohisi, watano walikunywa chumvi na watatu walikunywa maji. Mapitio ya Dantas na wenzake ya mwaka 2007, yaliyochunguza majaribio 156 yaliyofanywa kati ya 1945 na 1995, yaliyakuta mengi kuwa dhaifu kimbinu. Kwa mhakiki wa fasihi, watu watatu wa maji ya theluji ndio wenye mvuto zaidi. Hawakusema uongo. Walipewa kalamu na kuambiwa wajichunguze, na mwili unaochunguzwa daima una la kusema.

Hasara inamhusu nani? Chukua degedege. Neno hili katika sehemu nyingi za Tanzania hutaja mtoto anayekakamaa na kugeuza macho, na wengi huhusisha hali hiyo na shetani au ndege apitaye usiku. Tafiti za miaka ya 1990 huko Bagamoyo zilionyesha jinsi jina hilo linavyompeleka mtoto kwanza kwa mganga, ilhali mara nyingi ni malaria kali. Jina la dalili ni njia ya kwenda mahali fulani. Mfumo unaosoma mtoto anayetetemeka kama picha ya dawa fulani, ukamtafutia punje inayofanana naye, unafungua njia nyingine inayopita mbali na sindano na dawa mseto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya wazi dhidi ya kutegemea homiopathi kwa malaria, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na kuhara kwa watoto. Onyo hilo halina utata, na uhakiki wa kimatini hauwezi kujifanya haulioni kwa kisingizio cha kuheshimu mitazamo.

Yapo pia majaribio ya wazima yasiyo na shajara. Vitunguu vya Malolo hulimwa kwa maji ya mifereji, na hupigwa viuatilifu mara nyingi kwa msimu. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti, vinavyotumiwa sana katika kilimo cha mboga nchini, vinajulikana kitabibu kwa athari zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, ukungu machoni, mate na machozi kutoka, jasho, misuli kurukaruka, na kwa upande wa akili, wasiwasi, hasira za ghafla, usingizi wa mang’amung’amu na ndoto mbaya. Ndiyo orodha ya akili na mwili ileile ambayo jaribio la homiopathi huitamani, isipokuwa hapa kitu kilichoingia mwilini kipo kwa kipimo kinachopimika, wala hakikuzimuliwa hata isibaki chembe. Mwenye bomba la kupulizia mgongoni, asiye na barakoa, ni mtu mzima wa afya aliyepewa dutu. Hakuna msimamizi anayemdadisi jioni. Akifika zahanati akasema “nasikia mwili si wangu, na nyumbani nimekuwa mkali”, sehemu ya kwanza inaweza kuandikwa malaria na ya pili isiandikwe.

Kwa sababu hiyo sura inayofuata inakopa kutoka kwa Hahnemann kifungu cha 84 na kuacha cha 138. Usemi wa mpulizaji wa dawa unaandikwa kwa maneno yake, pamoja na kiambishi chake cha yambwa, siku ya mwisho aliyopulizia, aina ya kiuatilifu alichotumia, alichokula na deni alilonalo dukani kwa muuza pembejeo. Chanzo hakijazwi. Safu yake katika jedwali imeachwa wazi hadi usemi wote uwe umesomwa.