Dakika za betri ni za kuzimia, si za kusubiria

Umeme ulipokatika sehemu kubwa ya Kenya tarehe 25 Agosti 2023, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani, kwa kuwa jenereta mojawapo haikuwaka. Mafundi wengi wa seva bado wanaipangia UPS kazi moja tu: kusubiri jenereta. Isipowaka, seva zinazimika zikiwa katikati ya kuandika.

Tuchukue mpangilio wa kawaida: seva ya Linux inayoendesha mashine pepe kwa KVM, na programu ya NUT inayosoma hali ya UPS kwa waya wa USB. NUT usipoigusa, haizimi chochote mpaka UPS itangaze kwamba betri inakaribia kwisha. Hapo ndipo penye hatari, maana betri iliyochakaa huonyesha asilimia nzuri kisha ikaporomoka ghafla. Dawa ni upssched, programu ndogo inayokuja na NUT. Umeme ukikatika inaanza kuhesabu. Zikipita dakika 5, tuseme, uzimaji unaanza hata kama betri inadai bado ina nguvu.

Sasa, mashine pepe zizimwe au zilazwe? Huduma ya libvirt-guests, sehemu ya libvirt inayosimamia mashine hizo, inaruhusu yote mawili, na libvirt yenyewe isipoelekezwa huchagua kulaza, ingawa baadhi ya matoleo ya Linux hubadilisha hilo. Kulaza kunavutia kwa sababu mashine huamka pale pale ilipoachia. Gharama yake ni muda: kilichomo kwenye RAM chote lazima kiandikwe diskini. GB 64 kwenye diski inayoandika MB 200 kwa sekunde ni zaidi ya dakika 5, na betri inaliwa muda wote huo. Mashine ikiamka, saa yake inaweza kuwa nyuma na miunganisho yake ya mtandao imekwisha kufa. Kwa mashine yenye hifadhidata, mimi naona kulaza ni kosa. PostgreSQL ikifungwa kwa njia ya fast, ambayo ndiyo ya kawaida tangu toleo la 9.5, huwakata watumiaji, hubatilisha miamala ambayo haijakamilika, huandika data diskini, ndipo hufunga.

Ila amri ya kuzima mashine pepe, virsh shutdown, ni ombi tu, sawa na kubonyeza kitufe cha kuwashia. Mashine iliyokwama haitaitikia, na muda wa kusubiri ukiisha itakatwa hivyo hivyo. Kwa hiyo pima kila mashine inachukua sekunde ngapi kufunga, na seva ya diski za pamoja iwe ya mwisho kuzimwa.

Jambo linalosahaulika: umeme unaweza kurudi wakati seva zinajizima. UPS isipokata umeme wake kwanza, seva hazitajua kwamba umeme umerudi, nazo zitabaki zimezimwa mpaka mtu aende kuziwasha. Iagize NUT iikate UPS mwishoni, na kwenye BIOS weka seva zijiwashe umeme ukirudi. Halafu chagua siku yenye kazi chache, hakikisha nakala za data zipo, uchomoe plagi ya UPS ukutani mwenyewe.