Vibao vya Njia Katika Mabweni ya Chimwaga

Utamaduni wa taifa haumo katika ngoma, nyimbo na vinyago peke yake. Umo pia katika vitu vidogo ambavyo watu huvitazama kila siku bila kuvifikiria, na kibao kinachomwonyesha mgeni njia ni kimojawapo. Tangu Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana ilipoanzishwa mwaka 1962, mengi yameandikwa juu ya sanaa zetu; juu ya kibao yameandikwa machache sana. Katika makala haya twakusudia kukipima kibao kama kazi ya sanaa na kama chombo cha kazi.

Mfano wetu ni Dodoma. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa katika vilima vya Chimwaga, mashariki ya mji, kwa nia ya kufikia wanafunzi 40,000. Idadi hiyo ni ya mji mzima. Kijana atokaye Kigoma au Pemba hushuka na sanduku lake usiku, asijue bweni lake liko upande gani. Majengo yanapofuata ramani moja, herufi na tarakimu ndizo huachiwa kazi yote ya kuyatofautisha. Herufi ni rahisi kuandika, lakini ni ngumu kukumbuka, kwa kuwa hazina sura. Mji wa Dodoma wenyewe unao mtaa uitwao Area C na mwingine uitwao Area D, majina ya mchora ramani ambayo wakazi wameyazoea tu. Hali jina la mji, kwa masimulizi ya Wagogo, latokana na tembo aliyedidimia matopeni: jina lililobeba picha ndani yake.

Basi tungependekeza kila bweni lipewe picha na jina. Jambo hili si geni duniani. Treni ya chini ya ardhi ya Jiji la Mexico, iliyofunguliwa mwaka 1969, iliwekewa picha kwa kila kituo, iliyotokana na jina au historia ya mahali. Lakini picha haichaguliwi ovyo. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma naye apige kura. Alama zilikusudiwa kuwa sawa. Hata hivyo wako waliosadiki kwamba jembe lina bahati zaidi, kwa sababu mkulima alijiona ndani yake. Funzo lake ni kwamba hakuna picha isiyobeba maana. Ukiliita bweni moja Simba na jingine Fisi, wakazi wa Fisi watataniwa mpaka siku ya mahafali.

Msanii hana budi pia kufikiri juu ya umbo. Mgunga na mkwaju ni miti mizuri ya uwanda huu, lakini ikichorwa kwa rangi moja na kutazamwa kutoka mbali, haitofautiani. Mbuyu haufanani na mti mwingine. Zeze, marimba, kibuyu na kigoda navyo hutambulika kwa umbo peke yake, na havimdhalilishi mtu.

Tatizo kubwa zaidi limo katika alama zilizoagizwa kutoka nje zikiwa zimekamilika. Alama ya msalani ni mfano bora: mtu wa suruali kwa wanaume, mtu wa gauni kwa wanawake. Je, mwanamume wa Unguja avaaye kanzu atajiona katika picha ipi? Msomi amekwisha kuizoea alama hiyo, lakini mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe huenda asiwe ameizoea. Hapa dawa ni nyepesi: yaandikwe chini yake, kwa herufi kubwa, maneno Wanaume na Wanawake. Kiswahili kitangulie, na lugha nyingine ifuate.

Wako watakaosema kwamba tunayo hazina ya Kolo, wilayani Kondoa, na tuinakili. Michoro ile ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, inatuonyesha twiga, pofu, tembo na watu warefu wembamba kwa rangi nyekundu. Sisi hatukubali kuinakili kwa ajili ya pambo. Mtu mwembamba wa Kolo akiwekwa juu ya mlango wa bafu hamwelekezi yeyote. La kujifunza ni jingine. Mchoraji yule aliacha yasiyo ya lazima, akabakiza shingo na pembe, na mnyama akajulikana. Tena michoro imedumu chini ya miamba iliyoinama, ikikingwa na jua na mvua. Vibao vyetu vikipigiliwa penye jua la Dodoma na vumbi lake, wekundu wake hupauka upesi. Vitundikwe barazani.

Hata hivyo, iko alama moja ambayo hatungetaka msanii aiguse. Ni ile ya kijani ya mtu akimbiliaye mlangoni, iliyotokana na mchoro wa Mjapani Yukio Ota wa mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2009 moto katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, uliua wasichana 12. Hatudai kwamba kibao kingewaokoa. Twasema tu kwamba katika moshi hakuna nafasi ya kujifunza alama mpya. Njia ya kutokea yapasa ionyeshwe kwa alama ile ile ambayo mtu ameiona hospitalini na katika uwanja wa ndege, iwake hata umeme ukikatika, na mlango ulio chini yake usifungwe kwa kufuli.

Kwa hiyo hukumu yetu ina pande mbili. Katika hatari, tufuate alama za dunia nzima. Katika makazi, mahali ambapo kijana ataishi miaka mitatu au zaidi, tumpe picha na maneno ya nchi yake. Kazi hiyo wasipewe mafundi rangi peke yao baada ya jengo kwisha; msanii na mjuzi wa lugha waitwe siku ramani inapochorwa.