Kisiwa cha Wafu kwa Chaki za Rangi

Mwalimu mwenzetu mmoja wa hapa Malinyi ametuonyesha picha aliyoichora kwa chaki laini za rangi, ziitwazo pasteli. Hizi si chaki za ubaoni. Ni unga wa rangi ulioshikwa kwa gundi kidogo sana, hata rangi hukaa juu ya karatasi mfano wa vumbi. Ameiga picha ya Arnold Böcklin, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1827, iitwayo Kisiwa cha Wafu. Wako waliomsifu, wako waliomlaumu. Nasi twapenda kusema yetu.

Yafaa kwanza kuijua picha ya asili. Maji yametulia kabisa. Katikati pana kisiwa cha majabali, na kati ya majabali yamesimama miberoshi mirefu myeusi, miti ambayo jina lake twalisoma katika Biblia. Mashua ndogo yakaribia: ndani yake mna mpiga kasia, jeneza, na mtu aliyejifunika nguo nyeupe, ametupa kisogo. Ni nani, na ni wapi, hatuambiwi. Wachoraji wa namna hii hawakutaka kuonyesha mahali, bali hali ya moyo. Mti na jiwe kwao ni mafumbo. Tena jeneza na yule mtu mweupe viliongezwa mwaka 1880 kwa ombi la mjane, Marie Berna.

Wengine wanena kwamba kuiga si kazi. Neno hili twalikataa. Böcklin mwenyewe aliirudia picha hii hata zikawa 5, kati ya mwaka 1880 na 1886. Nne zimebaki, katika Basel, New York, Berlin na Leipzig. Moja iliteketea katika Vita Kuu ya Pili. Na Sergei Rachmaninoff, mtunzi wa muziki wa Urusi, aliiona mwaka 1907 katika nakala isiyo na rangi, na kwa nakala hiyo akatunga muziki wake wa mwaka 1909.

Wengine wachukizwa kwa kuwa mwalimu ameweka mtumbwi na upondo mahali pa mashua na kasia. Hapa twamtetea. Mtu wa bonde la Kilombero aliyepata kuvuka mafuriko ya masika kwa mtumbwi, huku msiba u ng'ambo, hana haja ya kufumbuliwa fumbo hili.

Lawama yetu ni nyingine. Pasteli hukaribisha kidole: ukisugua kidogo, ukungu waja bila taabu. Mwalimu amesugua kila mahali. Miberoshi imekuwa moshi, maji yamekuwa kama maziwa, na picha yapendeza tu. Huzuni imetoroka. Weusi wa miti ile ndio mlango wa picha. Ukilegea, hapana pa kuingilia.

Na achukue karatasi nyeusi yenye kukwaruza kidogo. Aanze na giza, akandamize chaki kwa nguvu katika miti, wala asiiguse tena. Kidole akiache kwa anga na maji. Weupe auweke mwisho, juu ya nguo ya yule mtu na jeneza, basi. Kisha aifunike kwa kioo, maana unga huu hupukutika.

Twamwomba ajaribu tena, kwa kuwa mkono anao. Aliyefiwa hafarijiwi na picha inayouficha msiba wake.