Mzigo Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu wa Pasua anayewaza kuchukua darasa la zamani la mbao huko mlimani Kilimanjaro aligeuze ukumbi wa sendofu na kipaimara, kabla hajanunua hata kopo moja la rangi, aende Unguja akaitazame Dispensari ya Kale. Ipo barabara ya Mizingani, karibu na bandari, na roshani zake za mbao zimejaa nakshi. Tajiri Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887, akafariki 1891 kabla haijaisha, na mjane wake akaikamilisha 1894. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikosa matunzo. Aga Khan Trust for Culture ilipoichukua mwaka 1990 ilikuwa imechakaa vibaya, na leo ni kituo cha utamaduni.

Nakshi ndizo zinazopigwa picha, lakini kwangu mimi kilichofaulu zaidi pale ni mpangilio wa matumizi. Jengo lina ua katikati, uliozungukwa na ngazi na baraza za mbao. Umati ukikusanyika uani, uzito wake wote unabebwa na ardhi. Vyumba vya juu vinafaa shughuli nyepesi, kama ofisi, maduka madogo na maonyesho. Mbao za karne ya 19 hazikulazimishwa kubeba wachezaji muziki.

Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa hiyo tupige hesabu. Wahandisi wanaofuata viwango vya Uingereza hukadiria sakafu ya darasa ibebe takriban kilo 300 kwa kila mita moja ya mraba. Ukumbi wa watu kusimama na kucheza hukadiriwa kilo 500. Chukua darasa la mita 6 kwa 8: kama shule ni tani 14 na ushee, kama ukumbi ni tani 24. Tena wanafunzi hukaa wametulia, ilhali wageni wa arusi huruka pamoja kwa mdundo mmoja, na sakafu huanza kunesa. Kama darasa limeinuliwa juu ya nguzo fupi, dawa ni kuongeza nguzo na mihimili chini ya sakafu, mahali pasipoonekana. Kama sakafu haiwezi kusaidiwa, weka turubai uwanjani wageni wachezee huko, na darasa liwe la chakula na hotuba.

Baada ya hesabu ndipo fundi aingie na bisibisi. Achome ncha za mihimili, hasa pale zinapoingia ukutani, maana unyevu hukaa hapo na kuoza huanzia hapo. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, pameoza. Agonge na nyundo pia: mbao iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya uwazi. Wengi wakishaona hivyo hung'oa mhimili mzima, na huo ni uharibifu. Mhimili utegemezwe kwa jeki, sehemu mbovu ikatwe mshazari mpaka kwenye mbao nzima, kisha kipande kipya chenye mkato uleule kiunganishwe na kukazwa kwa bolti. Kiwe cha mti wa aina ileile, kikavu. Mkamfa upate mkamfa, usipate paini mbichi iliyoshushwa jana kutoka kwenye lori. Misingi ya ICOMOS kuhusu majengo ya mbao, iliyopitishwa Mexico mwaka 1999, ilisisitiza jambo hilohilo, na ilitaka kipande kipya kiwekewe alama isiyojionyesha ili kitambulike baadaye. Ncha ya mhimili iachiwe nafasi ya hewa ukutani. Kama kuta ni za mawe, zipigwe lipu ya chokaa, si saruji, kwa sababu saruji hufungia maji ndani na kuyasukumia kwenye mbao.

Jiko na jenereta vikae nje, mbali na ukuta. Milango ifunguke kwa nje, na iwe miwili au zaidi. Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani na ukumbi umefurika, mlango mmoja unaofunguka kwa ndani ni hatari ambayo hakuna mwenye ukumbi anayepaswa kuikubali.

Ulinzi wa sheria nao una pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, kwa hiyo shule zao zote ziko nje ya mstari huo. Sheria hiyohiyo inalinda mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Yaani mlango unaweza kuwa na kinga kubwa kuliko darasa lililoubeba. Waziri ana uwezo wa kulitangaza jengo kuwa kumbukumbu inayolindwa, lakini hilo halitokei lenyewe. Basi mwenye mradi alipime jengo, achore ramani yake na kupiga picha kila kiungo kabla msumari wa kwanza haujang'olewa, kisha apeleke nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale.