Clonezilla inadhani diski mpya ni kubwa kuliko ya zamani

Mwalimu mmoja wa Mahongole alinunua SSD ya 256 GB pale Makambako, maana laptopu yake ilikuwa inawaka taratibu kiasi kwamba unaweza kuchemsha chai ukaimaliza. Fundi akampa jibu ambalo sote tunalijua: tunapiga Windows upya. Mwalimu akagoma. Mle ndani kuna alama za wanafunzi za miaka kadhaa, kuna programu ya printa ambayo CD yake ilishapotea, na Office aliyowekewa na mtu ambaye siku hizi hapatikani. "Kijana wangu," aliniambia, "sijaomba nyumba mpya. Nataka kuhama na vyombo vyangu."

Ombi lake ni la haki, na programu ya bure ya kulitimiza ipo: Clonezilla, kutoka kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa cha Taiwan. Nimeitumia mara nyingi na naiheshimu. Lakini kuna dhana moja ndani yake ambayo kwa watu kama huyu mwalimu ni tatizo, na video nyingi za Kiswahili nilizotazama zinairuka.

Kwanza sifa zake, maana inazistahili. Unaiweka kwenye flashi, unawasha laptopu kupitia flashi hiyo, kwa hiyo Windows inanakiliwa ikiwa imelala na hakuna faili linalobadilika katikati ya kazi. Tena hainakili kila sekta kama kipofu. Inasoma ramani ya mfumo wa mafaili na kuchukua sehemu zenye kitu tu. Diski ya mwalimu ni ya 500 GB, iliyotumika ni kama 90. Kwa waya wa USB 2.0, unaopitisha takriban MB 33 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 45. Kunakili diski nzima kungechukua zaidi ya saa 4. (Kama diski imefungwa kwa BitLocker, Clonezilla haioni ramani hiyo na inarudi kunakili kila kitu. Ifungue kwanza.)

Sasa tatizo. Maelezo yake yenyewe yanasema diski inayopokea lazima ilingane na ya zamani au iizidi. Zamani hilo halikumsumbua mtu: ulitoka 80 GB ukaenda 250, ukatoka 250 ukaenda 500. SSD zimegeuza mambo. Mtu anayeacha diski ya kuzunguka ya 500 GB ananunua SSD ya 256 au hata 128, kwa sababu ndiyo mfuko unaruhusu. Na anafanya vizuri tu! Diski inayozunguka mara 5400 kwa dakika inatumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja, na kuwasha Windows ni kuokota vipande vidogo maelfu kutoka huku na kule. SSD haisubiri mzunguko wowote. Mwalimu alihitaji kasi, nafasi alikuwa nayo ya kutosha. Programu inamkatalia kwa kigezo kisichomhusu.

Njia ya kupita ipo, ila imewekwa kwenye menyu ya wataalamu, ikiitwa -icds na -k1. Nani ataotea hayo?

Kinachonikera zaidi ni upande wa pili wa kigezo hicho. Tuseme umekosea, umechagua SSD kuwa chanzo na diski ya zamani kuwa mpokeaji, na SSD ilishafomatiwa na muuzaji wakati wa kuijaribu. Kutoka 256 kwenda 500: ukubwa unatosha, pingamizi hakuna. Yaani kipimo kinazuia safari salama na kuruhusu ile inayofuta alama zote za wanafunzi. Kweli, inauliza kwanza na kutaka ubonyeze "y". Lakini inauliza kwa Kiingereza, ikiziita diski sda na sdb. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi nzuri sana. Ila kwenye barua ukikosea unarudi nyuma. Maneno "kutoka" na "kwenda" yanahitajika zaidi hapa, ambapo kurudi hakupo. Kwa sasa puuza majina, soma ukubwa ulioandikwa pembeni.

Tuliamua kupunguza patisheni ya C kwanza, na hapa video zinasema "punguza, kisha nakili" kana kwamba hatari ni moja. Si moja. Wakati wa kunakili, diski ya zamani inasomwa tu. Umeme ukikatika, unaanza upya na hakuna kilichopotea. Wakati wa kupunguza, data yenyewe inahamishwa ndani ya diski pekee uliyonayo. Windows inaweza kujipunguza yenyewe, lakini mara nyingi inagota katikati kwa sababu kuna mafaili isiyoweza kuyasogeza, na ndivyo ilivyotutokea. Ikabidi tutumie GParted, na betri ya laptopu hiyo ilishakufa. Umeme ungekatika hapo kingekuwa kilio. Kwa hiyo kabla ya yote tulinakili folda ya alama kwenye flashi nyingine, kisha tukaishusha C hadi 200. Usiifikishe 256: SSD ya 256 GB Windows huisoma kama 238, kwa kuwa inahesabu kwa 1024. Patisheni ndogo ya uokoaji iliyokaa mwisho wa diski nayo ilibidi tuivute mbele, maana mahali ilipokuwa, kwenye SSD hapapo kabisa.

Baada ya hapo Clonezilla, kwa -icds, ilifanya kazi yake bila neno. Tulichomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha, kwa sababu diski mbili zenye utambulisho uleule zinaichanganya Windows. Printa ilichapa. Diski ya zamani niliifunga kwenye bahasha nikamkabidhi, nikamwomba asiifomati mpaka mitihani ipite. "Hii hata mke wangu haigusi," akasema, akaifungia kabatini.