Pinyin: Chombo Kizuri, Mwalimu Mpole Kupita Kiasi

Kuweka Kichina kwenye kompyuta siku hizi ni kazi ndogo. Kwenye Windows unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya saa na lugha, unaongeza Kichina Kilichorahisishwa, basi. Ukitaka kuhamia Kichina unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Hununui kibodi mpya. Unachapa nihao kwa herufi zetu hizi hizi, unabonyeza nafasi, na 你好 inatokea.

Njia hii ndiyo pinyin, na karibu kila anayeanza kujifunza Kichina huelekezwa huko. Nimeitumia miaka miwili sasa. Naipenda, lakini nina ugomvi nayo.

Tuanze na sifa zake, maana anastahili. Mwaka 1980 Uchina ilitoa orodha rasmi ya herufi za kutumika kwenye kompyuta: 6,763. Utazipangaje kwenye kibodi yenye vitufe vipatavyo mia tu? Chu Bong-Foo wa Taiwan alikuwa ameshajibu mwaka 1976 kwa mfumo wa Cangjie, na Wang Yongmin akaleta Wubi mwaka 1983. Wote wawili waliikata herufi vipande, kila kipande kikapewa kitufe chake. Kwenye Wubi herufi yoyote haizidi vitufe vinne. Ni haraka kweli, ila lazima kwanza ukariri vipande vyote na mahali vilipo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wengi wetu hatutaki kuinama.

Pinyin haikudai hayo. Yenyewe ni tahajia ya Kilatini iliyopitishwa rasmi mwaka 1958, na Zhou Youguang akiwa mmoja wa waliobeba kazi hiyo. Unaandika sauti, kompyuta inakisia herufi. Chapa shi peke yake, unapewa msururu: 是, 事, 十, 时 na nyingine nyingi. Chapa sentensi nzima, woshixuesheng, na programu inapima maneno gani huwa yanafuatana, kisha inakuletea 我是学生, yaani "mimi ni mwanafunzi". Hapo sina neno.

Ugomvi wangu wa kwanza ni toni. 妈 ni mama, 马 ni farasi. Kinachozitenganisha mdomoni ni toni tu, lakini kwenye pinyin zote unachapa ma na unachagua kwa macho. Kibodi inakusamehe kosa ambalo sikio la Mchina halitakusamehe. Unaweza kuchapa barua safi kabisa huku hujui toni ya hata nusu ya maneno yake.

Wa pili ndio uliouma zaidi. Siku moja darasani niliitwa ubaoni niandike "asante", 谢谢. Neno hilo nilikuwa nimelichapa mara mia kadhaa. Nikashika kalamu, nikaandika upande wa kushoto, nikaganda. Herufi ile ina vipande vitatu tu na mistari 12, lakini mkono wangu haukuwahi kuijenga. Kumbe miezi yote ile nilikuwa naitambua, siikumbuki. Ni sawa na kumjua jirani kwa sura bila kulijua jina lake. Wachina wenyewe wana msemo wa hali hii: 提笔忘字, ukishika kalamu unasahau herufi. Wao angalau waliandika kwa mkono tangu utotoni. Mimi nilikuwa nasahau kitu ambacho sikuwahi kukijua.

Kuna pia vijimambo ambavyo maelekezo niliyofuata hayakunigusia. Sauti ü haimo kwenye kibodi, kwa hiyo 绿, kijani, unaichapa lv. Na mji wa Xi'an unahitaji ile alama ya juu katikati, la sivyo programu inaweza kukusomea xian kama silabi moja na kukupa 先.

Sasa tuitupe? Hapana. Kwa kazi, ujumbe na tasnifu, pinyin inatosha na kubaki. Tatizo ni kuifanya mwalimu. Ukitaka kibodi inayokubana kidogo, jaribu zhuyin inayotumika Taiwan: ina alama zake za sauti, na toni nazo zina vitufe vyake. Ukibaki na pinyin, fanya ninavyofanya siku hizi: kabla ya kuchagua herufi, itamke kwa sauti pamoja na toni yake, na neno jipya likija, liandike kwanza kwa kalamu mara kadhaa ndipo ulichape.

Inachosha, sikatai. Lakini wiki iliyopita niliandika 谢谢 kwenye kadi ya rafiki, kwa mkono, bila kufungua simu.